Stima Imepotea

Siku ya kwanza Stima alikula patipati yangu ya kushoto. Siku ya pili akala rimoti ya TV, ingawa TV yenyewe nilikuwa nimeshaiuza. Siku ya tatu akala chaja ya laptopu, na hapo nikaacha kucheka, kwa sababu chaja hiyo ndiyo iliyokuwa inanilipia kodi ya nyumba.

Nilikaa sakafuni kwenye bedsita yangu Rongai nikiwa nimeshika vipande vya waya kama mtu aliyekabidhiwa mabaki ya marehemu. Yeye alikaa mbele yangu, masikio wima, ulimi nje, akinitazama kama anayeuliza: haya, sasa tunafanya nini? Hiyo ndiyo sura yake ya kila saa. Saa kumi na moja alfajiri, sasa tunafanya nini. Saa nne usiku, baada ya kukimbia hadi magoti yangu yanalia, sasa tunafanya nini.

Sikuwa na jibu. Mwaka huo mzima hata mimi mwenyewe nilikuwa najiuliza swali hilo hilo, na sikuwa na jibu.

Wacha niseme mapema kwamba nilienda kutafuta paka. Rafiki yangu mwenye Probox alikuwa anapeleka mablanketi ya zamani kwenye makao ya wanyama waliookolewa, nikamsindikiza kwa sababu sikuwa na kazi siku hiyo. Wala siku iliyotangulia. Kwa miaka miwili nilikuwa nimeishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao za chuo. Ndiyo, mimi niliyeacha chuo mwaka wa tatu. Nimewapatia watu alama za juu katika masomo ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kuyasoma. Halafu zikaja programu zinazoandika insha kwa dakika moja, na wateja wangu wakapotea mmoja mmoja bila hata kusema kwaheri.

Kwa hiyo paka. Paka analala, unaandika, mnaheshimiana. Lakini kabla ya kufika kwa paka unapita vibanda vya mbwa, na katika kibanda cha mwisho kulikuwa na mbwa mmoja wa rangi ya kahawia, uso mweusi kama aliyeuchovya kwenye masizi, anazunguka. Habweki. Anazunguka tu, pembe hadi pembe, hadi sakafu imechorwa njia yake.

“Huyo hapana,” dada aliyekuwa akituongoza akasema kabla hata sijauliza. “Huyo amerudishwa mara mbili.”

Alikuwa ameokotwa kwenye yadi moja iliyohamwa huko Athi River. Waliokuwa wakiitumia walihama na mitambo, wakang'oa mageti, wakabeba hata taa za ulinzi, wakamwacha yeye amefungwa kwa waya. Alama ya waya bado iko shingoni, mstari usioota manyoya. Familia ya kwanza iliyomchukua ilimrudisha baada ya siku tisa: alichimba bustani yote na kuruka ukuta. Ya pili ilivumilia wiki tatu, hadi alipoanza kuwakusanya watoto wao kama kondoo, akiwauma visigino kidogo kidogo ili wakae pamoja.

“Si mbaya,” yule dada akasema. “Ana nguvu tu, na hana pa kuzipeleka.”

Sijui kama ni neno “kurudishwa” lililonikamata. Nimeshaacha kwaya, gitaa, Kifaransa, biashara ya mitumba, na digrii moja. Nikaomba fomu.

Fomu iliuliza: Una uwanja uliozungushiwa ukuta? Nikaandika ndiyo. Ukuta upo. Ni ukuta wa ploti yenye milango kumi na miwili, na huo uwanja ni ule wa kuanikia nguo. Wakaomba picha, nikawatumia ya uwanja huo, nimeikata vizuri. Fomu iliuliza pia nitakuwa nyumbani saa ngapi kwa siku. Nikaandika: zote. Hilo angalau lilikuwa kweli.

Jina nilimpa tukiwa ndani ya Probox. Nchi hii kila mbwa ni Tommy au Simba, nami sikutaka Tommy mwingine. Tulipokuwa tunavuka mto Mbagathi alikuwa ameshapita kutoka kiti cha nyuma hadi cha mbele mara kumi na nne, rafiki yangu akasema, “Manze huyu ana stima.” Likakaa.

Baadaye ndipo nilipoanza kusoma ni mnyama gani niliyemleta nyumbani. Ndiyo, baadaye. Najua.

Yule dada alikuwa amesema ni Malinois, au karibu sana na Malinois, maana cheti hana. Ni mmoja wa aina nne za mbwa wachungaji wa Ubelgiji, na jina lake limetokana na mji wa Mechelen, ambao kwa Kifaransa huitwa Malines. Mwaka 1891 profesa mmoja wa mifugo, Adolphe Reul, alikusanya mbwa wa wachungaji wa nchi hiyo pale Cureghem, karibu na Brussels, ili aone kama wana umbo moja. Walikuwa mbwa wa kazi, wa kukimbia na mifugo kutwa nzima. Baadaye polisi na majeshi ya dunia wakagundua kwamba mbwa asiyechoka kuzunguka kondoo hachoki pia kutafuta mabomu. Malinois anayeitwa Cairo aliandamana na makomando wa Marekani walipovamia nyumba ya Osama bin Laden kule Abbottabad mwaka 2011. Na hapa kwetu, KWS wana mbwa wa kunusa pembe za ndovu kwenye uwanja wa ndege wa JKIA na bandari ya Mombasa.

Sasa chukua mnyama ambaye mababu zake wote walichaguliwa kwa sababu moja, kwamba hawajui kuchoka. Mwingize kwenye chumba chenye kitanda, meko ya gesi na msichana mmoja anayesubiri barua pepe. Mbwa koko wetu wa mtaani ana akili tofauti. Amelelewa na jua, anajua kivuli kiko wapi, anajua saa ya kulala. Stima hakuwa amefundishwa na mtu yeyote kwamba kulala ni jambo ambalo mtu anaweza kulifanya mchana.

Nilimpigia mama simu. Nilipomaliza kueleza, kukawa kimya hadi nikadhani laini imekatika.

“Analala nje?”

“Ndani, mum.”

“Ndani wapi? Si uko na chumba kimoja?”

“Ndani hapo hapo.”

Akashusha pumzi. “Mwanangu, ulikosa kumaliza shule, ni sawa, tuliongea tukaisha. Lakini sasa umeleta mbwa umlishe, na wewe ni nani anakulisha?”

Swali lilikuwa la haki. Nilikuwa namlisha ugali wa dona uliochanganywa na omena, na mara mbili kwa wiki matumbo ya kule buchari. Kuna siku tulikula chungu kimoja mimi na yeye. Tofauti ilikuwa chumvi tu.

Ploti nayo ilikuwa na maoni. Wanaume wawili wa orofa ya juu walimpenda, kwa sababu tangu afike hakuna aliyethubutu kuanua nguo zisizo zake. Watoto walimwogopa siku mbili, kisha wakaanza kukimbia makusudi ili awakusanye, na mama zao wakanikusanya mimi. Lakini ninayemkumbuka zaidi ni mama wa mlango wa pili, mwenyeji wa Lamu, aliyenisimamisha jioni moja kwenye mfereji.

“Mwanangu, mimi sina ubaya naye. Ni kiumbe wa Mungu. Ila mate yake yakinigusa, swala yangu inaniwia kazi. Nisaidie kumweka mbali na vyombo vyangu.”

Nikaahidi. Siku mbili baadaye nikamkuta Stima ametumbukiza kichwa chote kwenye ndoo yake. Nilienda nikabisha mlango mwenyewe, maana kosa la namna hiyo heri ujitaje. Akanieleza kwamba katika madhehebu yao chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Nikachota udongo kando ya ukuta, nikaosha, nikihesabu kwa sauti mbele ya mlango wake. Alisimama na mikono kiunoni hadi ya saba.

“Umehesabu vizuri,” akasema, akachukua ndoo yake.

Landilodi yeye hakuhitaji hesabu. Alipiga simu Jumapili: nyumba zake ni za watu, mbwa hayumo kwenye mkataba, nina hadi mwisho wa mwezi.

Dawa niliyojipa ilikuwa kukimbia. Kila mtu mtandaoni anasema hivyo: mbwa aliyechoka ni mbwa mzuri. Basi tukawa tunaamka giza na kukimbia Maasai Lodge Road, mimi na raba zilizotoboka, yeye akivuta kamba kana kwamba kuna mtu huko mbele anamdai. Na lazima nikiri kitu kimoja. Nilikuwa sijawahi kukimbia barabarani gizani. Msichana hakimbii gizani Rongai. Lakini wale wanaokaa kwenye kona na kukuita “size yangu” walikuwa wanatazama uso mweusi wa Stima, wanatazama viatu vyao, wananyamaza. Kwa mara ya kwanza barabara ilikuwa yangu. Kilomita nne, kisha sita, kisha nane. Nikirudi naanguka kitandani. Stima anakunywa maji, anakuja kusimama juu yangu. Sasa tunafanya nini.

Aliyenifungua macho ni mzee soja wa geti la jirani, ambaye kabla ya kuzeeka alilinda maghala ya Industrial Area usiku akiwa na mbwa. Alikuwa akitutazama tukipita kila asubuhi, na asubuhi moja akatusimamisha.

“Msichana wangu, mwezi uliopita huyu alikuwa anachoka wapi?”

“Pale kwa kituo cha mafuta.”

“Na sasa?”

“Sasa hachoki.”

“Ehe. Unatengeneza mwanariadha. Mwezi ujao utahitaji baiskeli, halafu pikipiki.” Akacheka, halafu akaacha kucheka. “Huyu hakukosa mbio. Alikosa mtu wa kumfundisha kukaa bure. Kukaa bure pia ni kazi, na hii ndiyo ngumu.”

Akanionyesha. Unatandika gunia. Hauamrishi, haupigi kelele. Unangoja hadi mbwa mwenyewe alale juu yake, unampa omena moja, taratibu, chini kati ya miguu yake. Akiinuka, hakuna maneno, hakuna omena. Kwanza sekunde moja. Kisha tano. Kisha unasimama, unarudi. Kisha unaenda hadi mlangoni. Na badala ya kilomita nane, unachukua nguo kuukuu, unaficha omena kwenye mikunjo, unamwachia pua ifanye kazi. Dakika kumi na tano za kunusa zilimlegeza kuliko saa nzima ya barabara. Nilipoiona mara ya kwanza nilitaka kulia: Stima, ubavu chini, jicho moja limefungwa.

Hapa ndipo hadithi kama hizi huanza kwenda vizuri. Yangu haikwenda hivyo. Gunia lilichukua wiki nyingi, na mimi sikuwa na wiki nyingi, nilikuwa na siku kumi na moja hadi mwisho wa mwezi. Kazi niliyokuwa nimeipata ya kunakili rekodi za mahojiano ilichelewa kulipwa. Stima akang'ata mlango wa landilodi, mbao zikatoka. Jumatano usiku nikakaa kitandani nikampigia yule dada wa makao.

Nilikuwa nimejiandaa kusutwa. Hakunisuta.

“Sawa,” akasema. “Mlete Jumamosi asubuhi. Umejaribu.”

Nilijua neno hilo. Ndilo alilosema mshauri wa wanafunzi nilipompelekea barua yangu ya kuacha masomo. Umejaribu. Linasemwa kwa upole na linafunga mlango bila kelele. Usiku huo nililala vizuri, na hilo ndilo linaloniaibisha zaidi. Nililala kama mtu aliyetua mzigo.

Alhamisi jioni kijana wa mkokoteni wa maji aliingiza mitungi na kuacha geti wazi, na Stima akatoka.

Nilizunguka Rimpa nzima nikiita. Na hapo nikagundua ubaya wa jina nililompa. Ukikimbia Rongai saa moja usiku ukipiga kelele “Stima! Stima!” watu hawatazami chini kuona kama kuna mbwa. Wanatazama balbu. Mama mboga mmoja akaniuliza, “Hata kwenu imepotea?” Nikasema ni mbwa. Mwendesha boda aliyekuwa kando akasema, “Mbwa anaitwa Stima? Basi tulia, atarudi baada ya siku tatu.” Kibanda kizima kikacheka. Mimi nikacheka pia, halafu nikakaa kwenye ukingo wa mtaro nikalia.

Na katikati ya kulia huko, nakumbuka, kulikuwa na kasauti kadogo kalikosema: si ulikuwa unamrudisha hata hivyo? Tatizo limejiondoa. Rudi ulale.

Saa kumi na mbili asubuhi ni mama wa mlango wa pili aliyegonga. Alikuwa ameuliza mtu anayemletea maziwa, na mtu huyo amesikia kwamba kule karibu na Kandisi, kwenye boma moja la wafugaji, kuna mbwa mgeni “kama wa polisi.” Alikuwa ameshamwita boda. Sikujua hata kama aliwahi kulitamka jina la mbwa huyo, lakini alisimama mlangoni na deraya lake la asubuhi akaniambia, “Nenda ukamchukue Stima.”

Stima aliwafuata mbuzi. Walipokuwa wanarudishwa jioni, yeye akatokea nyuma yao na kuanza kuwakusanya, kushoto kulia, kushoto kulia, kama kazi aliyoajiriwa. Mbwa wawili wa boma wakamfukuza, wakamrarua sikio, akarudi. Mbuzi mmoja alipokataa kuingia, akamng'ata mguu wa nyuma. Mwenye boma, mzee wa Kimaasai mwenye shuka na simu shingoni, akamfunga kwenye mti.

Nilimkuta hapo. Nilikuwa nimezoea kumwona akizunguka, akivuta, akiuliza. Sasa alikuwa amekaa, kamba shingoni, damu imekauka sikioni, kimya. Aliniona nikishuka kwenye boda na hakuinuka. Hakutikisa mkia. Alinitazama mara moja, akatazama kando. Alikuwa anajua kitu kuhusu kamba na watu: kwamba wewe unabaki na kamba, na watu wanaenda.

Rafiki yangu wa Probox alikuwa amezoea kuniambia, “Huyo mbwa ni wewe.” Ana nguvu nyingi, hakuna mahali pamemfaa, amerudishwa. Nami nilikuwa nimeipenda hadithi hiyo, si uongo. Lakini pale kwenye mti ilikufa. Mimi sijawahi kuachwa. Chuo hakikunifukuza, kwaya haikunifukuza. Mimi ndiye huwa naondoka, kwa upole, nikiwa nimeandika barua nzuri. Katika hadithi hii mimi si mbwa. Mimi ni yule aliyehama yadi na taa zake.

Mzee hakuanza na habari ya fidia. Swali lake la kwanza lilikuwa, “Amechanjwa?”

Ukiishi na mifugo unajua kwa nini linatangulia. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, iwe kwa mbuzi au kwa binadamu, ni kifo. Kinga ni chanjo, na mbwa huchanjwa tena kila mwaka. Nilikuwa na picha ya kadi yake kwenye simu, kwa sababu makao hawakuruhusu atoke bila chanjo na bila kufungwa kizazi. Mzee akaisoma tarehe kwa makini, akamwita kijana wake naye akaisoma. Ndipo tukaongea juu ya dawa ya mguu wa mbuzi. Tulipatana shilingi 2,500, nikalipa 1,000 papo hapo na zilizobaki wiki iliyofuata.

Nilipokuwa namfungua, mzee akasema, “Mbwa huyu anajua kukusanya. Hajui kuacha.”

Nilitaka kumwambia kwamba kwetu tumegawana: yeye hajui kuacha, na mimi sijui kingine. Nikasema tu asante.

Ijumaa hiyo nilimpigia tena dada wa makao. Nikamwambia siji Jumamosi. Na kwa kuwa nilikuwa nimeanza, nikamalizia: kwamba fomu niliidanganya, kwamba sina uwanja, kwamba ile picha ni ya ploti ya watu.

“Tulijua,” akasema. “Picha yako ilikuwa na nguo za shule za saizi nne, na kanzu. Na unaishi peke yako.”

“Mbona mlinipa?”

Akafikiri. “Kwa swali la saa ngapi utakuwa nyumbani, wewe peke yako uliandika zote. Wenye uwanja wote huandika jioni.”

Hakusema kwamba nilistahili. Alisema nimtafutie mahali kabla ya mwisho wa mwezi, na kwamba atakuja kupaona. Safari hii alikuja.

Tulihamia Kandisi, nyumba ya mabati ya vyumba viwili yenye ua wa kweli. Kodi ni nafuu, maji yako mbali, mtandao unashika ukisimama karibu na tangi. Chaja inaning'inia kwenye msumari juu ya mlango. Nilimwomba yule mzee wa mbuzi kama Stima anaweza kuja mara moja moja kufanya kazi ya mababu zake. Akanitazama kama aliyemwomba ng'ombe. “Mbuzi wangu si wa kuchezea,” akasema. Ana haki. Kwa hiyo tunabaki na nguo kuukuu na omena, kilomita tatu asubuhi badala ya nane, na gunia.

Watu huniandikia siku hizi. Wameona video za Malinois TikTok, mbwa anaruka ukuta, anafungua friji, anamlinda mtoto, na wanauliza watampata wapi. Nawajibu mambo manne. Kwamba video ni ya sekunde thelathini na siku ina saa ishirini na nne. Kwamba chanjo, dawa ya minyoo, dawa ya kupe na chakula vinakuja mwezi ambao hujalipwa pia. Kwamba ukiwa na nyumba ya kupanga, uliza landilodi kwanza, si baadaye kama mimi. Na kwamba makao yamejaa mbwa wa kawaida wa Kenya, wapole, wanaojua kulala, ambao hakuna anayewatengenezea video. Mchukue huyo. Wengi hawanijibu tena.

Wasichouliza, na ambacho singejua kukijibu, ni siku gani ilibadilika. Sijui. Kuna wiki ya tatu makao wanasema mbwa anaanza kuonyesha tabia yake, kuna mwezi wa tatu wanasema ndipo anaanza kuamini pako ni kwao. Kwetu ilichukua zaidi. Mimi nilichukua zaidi. Kwa miezi kadhaa baada ya mti ule, kila nilipovaa viatu vya kutokea Stima alikuwa anakaa kimya kwa namna ile ile na kutazama kando. Nilikuwa natoka, naenda dukani, narudi. Naenda hadi stejini, narudi. Mafunzo ya gunia yaligeuka yakawa yangu: kuondoka sekunde moja, tano, dakika, saa, na kila mara kurudi.

Sasa ni mwaka na miezi miwili. Chuo sijarudi, usisubiri sehemu hiyo. Lakini sijawahi kufanya kitu kimoja kila asubuhi kwa mwaka na miezi miwili, na siku nyingine naamka kabla yake, nakaa gizani namsikiliza akipumua.

Juzi stima ilipotea Kandisi yote, kama kawaida, saa moja jioni nikiwa katikati ya kazi. Nikafunga laptopu. Nikatandika gunia karibu na mlango ili nipate hewa, na kabla sijasema lolote Stima akaja akajizungusha mara moja, akalala. Sikuwa na omena mkononi. Tukakaa bure, mimi na yeye, tunasikiliza giza.

Taa zilirudi kama saa tatu. Watoto wa majirani wakapiga kelele ya pamoja kutoka nyumba hadi nyumba, “Stima imeruudiii!” Akasikia jina lake. Akainua kichwa, masikio wima, akanitazama.

Halafu akakirudisha chini.